Safu Niliyoichora kwa Rula

Saa moja na robo, mabati bado ya baridi,
nafungua banda.
Wananijua kwa viatu.
Akiingia Daktari Ntobi wanajibana ukutani;
nikiingia mimi wanasogea, pua zikitetema,
na hilo ndilo linalonichoma:
kwamba wanasogea.

Ishirini na Saba hana jina.
Taratibu zinakataza, eti jina hulegeza mkono.
Ana wino wa kijani ndani ya sikio la kushoto;
la kulia nilimnyoa juzi kwa wembe mpya,
polepole, kama anyolewavyo mtoto wa arobaini.

Namweka kwenye sanduku la mbao, kichwa nje.
Juu ya sikio nakaza kizimba cha wavu:
mbung'o thelathini, njaa ya siku mbili.
Wanatoboa.
Dakika kumi na tano
matumbo yanajaa, yanang'aa
kama punje za komamanga.
Halii. Sungura hana kilio cha kila siku,
anacho kimoja tu, cha kufia.
Nilikisikia mwaka wangu wa kwanza kazini
nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji
hadi zamu ikaisha.

Hadithini alimlaghai fisi, akamfunga simba mtini,
akala karanga za watu na kesi akashinda.
Humu sandukuni
hana wa kumlaghai.

Sisemi banda lifungwe.
Kaka yangu Mihayo alikwenda kurina
mapori ya Sikonge, mizinga kumi na minane,
akarudi na madebe mawili ya asali, na homa.
Ilipofika masika akawa anasinzia mchana
tonge likiwa mkononi,
usiku anazunguka uani akihesabu mizinga.
Mama akamwita mvivu.
Mpaka leo analilia neno hilo.
Malale: jina laini,
ungedhani la kubembelezea mtoto.
Basi najua mbung'o wanafugiwa nini Tabora,
najua kinachotafutwa kwenye mate yao.
Nami nakitaka.

Ila sikio lina siku zake.
Likinyonywa leo, lipumzike siku nne:
imeandikwa, ikagongwa mhuri,
ikabandikwa mlangoni.
Ijumaa treni haikuleta sungura wapya.
Daktari akaja na kizimba mkononi.
"Kalunde, mrudie Ishirini na Saba.
Nzi hawa wakifa, miezi sita imekufa."
Nikamwonyesha sikio: vigaga,
joto lake kama ubavu wa birika.
"Ni sungura tu."
"Ndiyo. Angekuwa mtu, angekujibu mwenyewe."
"Na nzi wale nini?"
Sijui kinywa nilikitoa wapi.
"Una mikono miwili, Daktari."

Pangaboi likasikika.
Akacheka. Akaacha kucheka.
Nzi hao wamezaliwa humu humu, hawana vimelea;
cheti alikitia saini yeye mwenyewe,
kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.
Akakunja shati.

Dakika ya pili akakaza taya.
Ya nne akauliza, "Bado?"
Ya sita akauchomoa mkono,
akabaki anautazama kana kwamba
ameazimwa na jirani.

Nikafungua daftari la zamu.
Tarehe. Namba. Muda. Uzito.
Pa kuandika *ameomba atolewe* hapakuwapo.
Nikatafuta rula, nikachora safu,
kalamu ikakwaruza karatasi hadi chini,
naye amesimama pembeni,
asiniambie niache.

Nzi kumi na mmoja walikufa Jumapili.
Hilo nalo niliandika.

Safu ipo hadi leo.
Wa kwanza ni yeye, dakika sita.
Chini yake sungura, ukurasa baada ya ukurasa,
nafasi nyeupe ambazo sijazijaza
wala sijazikata kwa mstari.

Jioni ile nilimpelekea matembele.
Sikio lilikuwa limelala upande.
Akasogea.